Amani ya Ndani na Komeo Jipya

Jumamosi, 18 Desemba 1993. Sabato.

Daftari yangu mpendwa, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Umelala salama humo sandukuni, chini ya leso zangu? Mimi ni mzima, ila goti. Na nina habari!

Mchungaji Nyamweya ametangaza kwamba mwaka huu Krismasi ni siku ya Sabato, kwa hiyo habari ya kuzaliwa kwa Bwana itasomwa mbele ya kanisa letu lote la hapa Rangwe. Atakayesoma ni yule atakayetulia na Injili wiki hii na kutafuta amani ya ndani. Kila mwaka anasoma Phelesia, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa nini? Ana miwani! Mimi muuza ndizi, tangu nihamie hapa kutoka Nyamira, ni benchi la nyuma na kusema amina.

Basi mwaka huu nasoma mimi. Phelesia ataipata wapi amani ya ndani? Ndani mwake mmejaa watu. Wageni, watoto wa wageni, kuku wa wageni. Nimeshashinda.

Jumapili, 19 Desemba.

Nimenunua komeo. La chuma! Mosoti, mume wangu, akauliza ni la nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Ati mchungaji alimaanisha amani ya moyoni. Nikamwambia, Mosoti, angetaka ya moyoni angesema ya moyoni. Amesema ndani. Ndani ni ndani. Wewe na redio yako ni nje.

Amehamia kibanda cha ndizi. Kuku pia. Nikafunga komeo, nikakaa. Kimya. Utamu ulioje!

Jumanne, 21 Desemba.

Nimesoma habari za yule kuhani mzee aliyefungwa ulimi na malaika, asiseme neno mpaka mtoto azaliwe. Nikarudia, nikimfikiria Mosoti. Ee Bwana, kama yawezekana.

Mazoezi ya sauti nafanyia ndani ya debe tupu. Linavuma kama kanisa! Jirani amemuuliza Mosoti kama mimi ni mgonjwa. Amejibu ati bado wanachunguza.

Nimemchungulia Phelesia dirishani. Injili hajaigusa. Anaosha miguu ya watoto wa watu. Maskini.

Alhamisi, 23 Desemba.

Jaribu kubwa! Jioni mvua ilipiga mabati, mlango ukagongwa. Alikuwa Orpah, binti wa ndugu yake Mosoti, na mumewe Gichana. Wametoka Migori wanaenda nyumbani Nyamira kwa Krismasi, na magari ya kwenda Oyugis yamekwisha. Orpah ni mjamzito, tena tumbo lilifika mlangoni kabla yake. Akaita, mama mdogo, tufungulie, mgongo unanikata.

Daftari yangu, nilikuwa katikati ya sura! Nikawajibu dirishani kwa upole wa Kikristo. Kwamba nawapenda sana. Kwamba ndani hamna nafasi, mna amani. Nikawapitishia ndizi mbivu na kuwaelekeza kwa Phelesia, maana yeye hupenda watu. Mosoti akatoka kibandani, akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. Akabeba mzigo wao, wakaondoka naye kwenye mvua.

Nikafunga komeo tena. Shetani ameshindwa.

Ijumaa, 24 Desemba.

Haleluya! Orpah amejifungua kwa Phelesia. Msichana! Nasikia Phelesia alifungua akisema kwa Kijaluo chake yawa, jamani, ingieni, ingieni, na vitanda vyote vilikuwa na wageni, mtoto akalazwa kwenye karai la omena na khanga juu. Karai la omena! Ndiyo shida ya kuishi bila mpango.

Lakini sikiliza. Phelesia amewapeleka mama na mtoto zahanati, na amekataa kuwaacha. Kesho hayuko! Mchungaji akaja kugonga kwangu. Huyo nilimfungulia. Aliuliza kama naweza kusoma badala ya Phelesia. Kama naweza!

Komeo limefanya kazi.

Jumamosi, 25 Desemba. Sabato na Krismasi.

Nimesoma! Nimesoma! Nimesoma!

Nilipofika pale mama mjamzito na mumewe wanafika mjini wamechoka, wanakosa nafasi, na mtoto analazwa kwenye hori la ng'ombe, nikapandisha sauti kama niko kwenye debe. Kanisa likanyamaza. Kisha wote wakageuka kumtazama Gichana, halafu mimi. Gichana akainama. Jedidah, mke wa mchungaji, akafunika uso kwa leso. Mosoti akakohoa na kukohoa. Nimewagusa! Phelesia na miwani yake hajawahi kunyamazisha hata mtoto.

Mimi mwenyewe niliwahurumia sana wale wawili. Hata nikaongeza maneno yangu kidogo, kwamba wenye nyumba wa aina ile, wa kumfungia mama mlango, Mungu anawaona. Benchi la mbele mtu akasema, eh! Nyuma wakaitikia amina kwa nguvu ambayo sijapata kuisikia.

Baadaye mchungaji alinivuta kando akaniuliza polepole kama nimesikia nilichosoma. Nikamwambia nimesikia vizuri, mchungaji, na walioko kwenye kisiagi cha Obare wakisaga mahindi wamesikia pia.

Jumapili, 26 Desemba.

Mtoto ameitwa Phelesia. Phelesia! Na nani aliyewaelekeza huko? Si mimi? Nimewasamehe.

Mosoti amerudi ndani, lakini hajasema neno tangu jana. Kama yule kuhani! Niliomba, nimepewa. Redio yenyewe hafungui. Sasa hii ndiyo amani ya ndani. Kwa Pasaka nimeona komeo kubwa zaidi pale Oyugis, lenye kufuli.

Ila kimya ni kingi, na sina wa kumsimulia vile nilivyosoma. Tafadhali, daftari yangu, nijibu upesi.