Uso wa Mbeba Bendera

Jumatano, 3 Septemba

Nimechaguliwa! Kamati ya mtaa ilipiga kura jana, na mimi, Arnobio Rentería, kinyozi, ndiye nitakayebeba bendera yetu siku ya kufungua sherehe za San Pacho, mtakatifu wetu. Kumi na moja kwa tatu. Hizo tatu ni za Heriberto Cuesta, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mkewe na mama mkwe wake. Miandiko yao naijua.

Tatizo moja. Mbeba bendera hupigwa picha, na picha hutundikwa ukutani kwenye nyumba ya kamati. Milele. Marehemu baba yuko pale tangu nina miaka minane, mlingoti begani, uso laini. Mimi mashavu yana mashimo ya chunusi za tangu shule, na kwenye taya nina vivimbe viwili vya makovu yaliyokataa kulala. Zimebaki siku kumi na saba. Zinatosha. Mtu mwenye akili hahitaji zaidi.

Heriberto alivuka barabara kunipongeza. Eti itakuwa vizuri nikipigwa picha kwa mbali, ili bendera ionekane. Nilimshukuru. Nyoka.

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango wa kwanza: ndimu na viche. Pombe yetu hiyo ya miwa huua kila kitu, na ndimu hung'arisha sufuria. Uso ni nini mbele ya sufuria? Nilijipaka asubuhi, nikakaa mlangoni juani ili ishike.

Imeshika. Shavu la kushoto limeiva, la kulia lina michirizi myeusi kila ndimu ilipotiririkia. Mteja wa kwanza aliuliza kama nilikuwa napuliza kuni. Wa pili alinitazama, akakumbuka ana shughuli, nami nikaiona shughuli yenyewe dirishani: ameketi kwenye kiti cha Heriberto.

Shangazi Saturnina, aliyenilea tangu mama alipofariki, hakunihurumia hata kidogo. Alisema ndimu haina kosa. Ni yeye aliyenitia kitovuni unga wa mti wa guayacán nilipozaliwa, kama kila mtoto wa kwetu anavyotiwa kitu cha kumpa tabia. Wengine hutiwa dhahabu wapate bahati. Wengine hutiwa chungu, yule mdudu, wawe wachapakazi. Mimi guayacán, niwe mgumu. Na guayacán ukiukwaruza, akasema, hufunga jeraha kwa fundo. Ndiyo maana sikio langu liko vile lilivyo.

Sikio la kushoto, anamaanisha. Nilitogwa nikiwa na miaka kumi na sita, nivae kipuli cha dhahabu cha marehemu babu. Kidonda kilipona. Kikaendelea kupona. Hakikujua pa kuachia. Sasa pana donge la ukubwa wa harage, ndiyo sababu ya kofia.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefikiri siku mbili nzima. Shangazi amenipa ufunguo bila kujua! Kama ngozi yangu ni guayacán, basi nimekuwa nakosea dawa. Mti mgumu haulainishwi kwa ndimu. Hupigwa randa!

Sokoni kuna mama anauza kigurudumu kidogo chenye mpini na sindano mia mbili. Unakibiringisha usoni, ngozi inatoboka, inaota upya. Aliapa kinafaa mashimo. Nikamuuliza kama kinafaa guayacán. Akasema kinafaa kila kitu. Nimenunua.

Mimi si mjinga. Kesho nitakichemsha kwanza. Mambo ya sindano yanataka usafi.

Jumanne, 9 Septemba

Maafa! Nilikichemsha. Kwenye jiko palikuwa na sufuria tayari inatokota, nikaona ya nini kupoteza moto. Nikakidumbukiza. Kumbe si maji, ni supu ya samaki ya Shangazi, bado tu hajatia ndizi.

Alikiopoa kwa upawa mbele ya majirani wawili. Akauliza huyu ni samaki gani mwenye mpini. Nikaeleza. Nilipofika kwenye randa alivua aproni, akanishika sikio la kushoto, kwa kuwa lina mshiko, akanikokota hivyo mpaka zahanati. Mitaa mitatu! Kila tuliyekutana naye alielezwa kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na akaonyeshwa sikio lenyewe. Heriberto aliacha kichwa cha mtu nusu ili atoke kutazama.

Daktari Yadira Lozano ni binti wa hapa hapa, alikwenda Medellín kusomea ngozi akarudi. Hakucheka. Alitazama mashavu, akapapasa taya, akaligeuza sikio kwa muda mrefu. Kisha akakiweka kile kigurudumu mezani kati yetu, kikinuka samaki.

"Sasa hivi una mashimo," alisema. "Ukipitisha hiki, kwa mwili huu wako, unaweza kupata vilima. Na kilima ni kibaya kuliko shimo, kaka yangu. Ukikikata, kinaweza kurudi kikubwa zaidi."

Niliogopa kweli, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilikuwa nimepanga kukipitisha leo leo, kabla ya chakula. Uso mzima.

Akanipangia. Chunusi mpya zikome kwanza, maana kila ninayoiminya ni kovu la kesho. Krimu ya jioni, kiasi cha punje ya njegere. Nyingine ya mchana, ya kukinga jua. Ndimu mwiko. Wembe mwiko, nipitishe mashine tu na kuacha ndevu fupi. Mimi, kinyozi! Vile vivimbe vya taya atavidunga sindano ya kuvisinyaza, kidogo kidogo, kila baada ya wiki kadhaa. Mashimo yatangoja. Siku ya kuyagusa ikifika, atajaribu kwanza mahali padogo, panapojificha, halafu tutangoja miezi mitatu tuone mwili unasemaje. Nikauliza kama mwili unaweza kusema kabla ya tarehe ishirini. Hauwezi.

Aliendelea kunitajia sehemu za hatari kuliko zote, kifua, mabega, masikio, sijui nini tena. Shida yangu ni uso, kwa hiyo nikatazama feni. Lakini hilo la kujaribu kwanza mahali padogo nimelishika. Hiyo ni sayansi.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikwenda kurudisha bendera. Ndiyo, mimi. Sindano moja imeingia tayani, krimu napaka, na kwenye kioo ni yule yule, tena mwenye michirizi. Niliandaa hotuba kuhusu mgongo. Mama Eufrosina, mwenyekiti wa kamati, aliisikiliza yote, akauliza mgongo umeanza lini. Nikamwambia ukweli, kwamba siwezi kukaa ukutani na uso huu, kando ya uso wa baba.

Alipanda kiti, na miaka yake sabini na moja, akaitungua picha ya baba, akafuta kioo kwa upindo wa gauni. Vumbi la miaka thelathini. Akanipa mkononi.

Mashimo! Mashavu yote mawili, na jingine kidevuni. Miaka yote hii nilikuwa nalionea wivu vumbi.

"Tulitafuta mtu wa kubeba mlingoti wa guayacán kilomita nne," alisema. "Hatukutafuta mtu wa kutangaza sabuni. Heriberto aliujaribu, akamwangushia kuku wa jirani."

Kuku hakupona. Nililia kidogo. Si kwa ajili ya kuku. Bendera ninaibeba.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeibeba! Ngoma, klarineti, jua kali, mtaa mzima nyuma yangu. Ile krimu ya jua ilinichuruzikia machoni, nikatembea nusu ya njia kwa kusikia. Mlingoti sikuuinamisha hata mara moja. Shangazi alikwenda ubavuni mwangu, akimweleza kila mtu ni nani aliyenitia guayacán.

Mbele ya kanisa kuu mpiga picha aliniita jina. Sikukwepa. Nilimgeukia, nikainua kidevu, mashavu yote juani, nikacheka. Sijafanya hivyo mbele ya kamera tangu nina miaka kumi na minne. Nilifurahi, basi. Upepo ukavuma kutoka mtoni.

Jumatatu, 22 Septemba

Picha imetundikwa. Bendera imenifunika uso wote. Macho hayaonekani. Kidevu hakionekani. Kilichobaki nje ni sikio la kulia. Chini wameandika jina langu, lisije likapotea.

Mama Eufrosina anasema bendera imetoka vizuri sana. Shangazi anasema sikio ni la ukoo, yeyote angelijua. Heriberto alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, kitambo kizima. Akasema kwa sikio litakalotazamwa miaka thelathini, analiona liko uchi kidogo.

Nyoka. Lakini nyoka ana macho.

Mwakani nabeba tena, Mama Eufrosina ameshatamka, na picha itapigwa upya. Na kwenye kopo la vifungo la Shangazi bado kipo kipuli cha pili cha babu. Dhahabu tupu! Sivunji neno hata moja la daktari. Uso siugusi. Krimu napaka. Ni yeye mwenyewe aliyesema, jaribu kwanza mahali padogo, panapojificha, kisha ungoje miezi mitatu. Kuna mahali padogo kuliko ncha ya sikio? Tena chini ya kofia?

Shangazi asijue. Ataanza methali yake ya sikio la kufa. Lile ni la kushoto. Hili la kulia ni zima, linasikia vizuri, na halijawahi kunikosea. Amekwenda kanisani, na sindano yake ya kushonea iko jikoni inachemka. Safari hii nimeonja kwanza. Ni maji.