Kijiti Chenye Jina Langu

Jumatatu, 10 Machi

Naogopa. Mwalimu Arceneaux wa hesabu ana kopo la vijiti vya aiskrimu, kila kijiti kina jina la mwanafunzi. Anachomoa kimoja, mwenye jina anakwenda ubaoni. Mimi na hesabu za sehemu ni paka na panya! Na hii ni shule ya mkataba: wanafunzi wakifeli mno, wakubwa wa jiji wanaifunga. Ndiyo maana hapa hakuna kubebana. Usipopata sabini kwenye mtihani wa mwisho wa mwezi huu, unarudia darasa la saba. Na mwakani mdogo wangu Solange anaingia la saba! Jioni, tukila wali na maharage, kaniuliza kama nitakaa mbele yake au nyuma. Mama hakucheka. Ndiye aliyelia kwa furaha jina langu lilipotoka kwenye bahati nasibu ya kuingia shule hii. Sikumaliza chakula.

Jumatano, 12 Machi

Nimeiba kijiti changu! Kiko ndani ya soksi. Mahali pake nimetia kingine chenye jina la Terrance Picou, yule anayeniita kichwa maji. Sasa Picou ana viwili. Akili ni mali! Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 14 Machi

Picou ubaoni mara nne. Mbili za kwanza kachemsha, nikacheka mpaka machozi. Ya nne kapata. Darasa zima likampigia makofi. Sijapenda.

Jumanne, 18 Machi

Balaa! Picou ndiye bingwa wa sehemu. Ananiambia eti ubao hauli watu. Halafu Mwalimu kafungua daftari lake: kila anayekwenda ubaoni huwekewa alama, na mimi sina hata moja. Akamwaga vijiti mezani: vya Picou viwili, changu hakuna. Nikajua nimekwisha. Hakugomba. Kaniuliza, kumbe unaogopa hivyo, mwanangu, na hukuniambia? Kuanzia leo chakula cha mchana nakula mezani kwake. Kila siku! Heri angenifokea.

Alhamisi, 27 Machi

Siku saba za mateso. Kuna siku alikata mkate wangu wenye kamba wa baharini ndani vipande vinne, akanikataza kugusa cha pili mpaka niseme zimebaki robo ngapi. Leo mtihani. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho. Nikifeli, mwakani nitaazima kifutio kwa Solange.

Ijumaa, 28 Machi

Sabini na nane! Mama kanikumbatia barazani akipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Solange kanuna. Picou kapata tisini na sita, shauri yake. Mwalimu naye kafurahi, tena kupita kiasi: Jumatatu niende darasa la sita nikawaonyeshe sehemu. Darasa la Solange! Atauliza maswali, namjua. Ningeweza kumwambia Mwalimu kwamba naogopa. Lakini nina mbinu bora. Nimeanza kukohoa leo hii, ili Jumatatu mtu asishangae.