Siga Moja na Chungu cha Wakwe

Jumapili, 1 Agosti 1976

Kutoka Mto Mara mpaka Sirari hakuna mtu anayejua siga gani inakwenda na bia nyeusi gani, isipokuwa mimi, Filemoni Waitara. Serikali yenyewe inajua, ila bado haijaniandikia barua.

Nilijifunza kwa Bwana Mrefu, mzungu mwindaji, kambini karibu na Ikoma, mwaka 1952. Kila jioni alikaa mbele ya hema. Mkono huu siga, ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, isiyo na karatasi. Mkono huu glasi ya bia nyeusi kama oili chafu, na povu lake juu. Anavuta, anakunywa, anafumba macho. Nyumbu wanapita kule mbali, vumbi limekuwa jekundu. Hakuthubutu kuwasha mpaka aniulize, Filemoni, leo tuvute ipi? Ah, siku zile! Dunia ilikuwa na nafasi. Siku hizi, kwenye kijiji cha ujamaa, tumepangwa kwenye mistari, jirani akipiga chafya mimi ndiye najifuta.

Leo kaka Mniko katangaza kwamba Jumamosi wakwe wanatoka Serengeti kuja kumposa binti yake, Gati. Kijana ni mwalimu, Hezekia. Msemaji wetu bado hajachaguliwa. Nipo mimi, na yupo binamu yetu Stanslaus, balozi wa nyumba kumi, mtu ambaye hajawahi kuona hata simba mgonjwa. Nimemwambia kaka nitawapokea wakwe kizungu, kwa siga na bia nyeusi. Kaka kajikuna kichwa. Kasema tutaona.

Jumatatu, 2 Agosti

Baiskeli mpaka Sirari. Nimerudi na chupa mbili za bia nyeusi kutoka ng'ambo ya mpaka, nimezifukia kwenye mahindi, ndani ya kihenge. Matako yanauma. Heshima ina gharama.

Stanslaus kapita, kaiona tumbaku yangu nyuma ya jiko. Kauliza imekuwaje tumbaku yangu imerefuka hivyo, wakati shamba la ujamaa halijaniona tangu palizi. Nikamjibu kila mmea una hiari yake. Kasema ataandika ripoti. Aandike!

Jumatano, 4 Agosti

Kusokota siga. Majani yamekaa juu ya moshi wa jiko mwezi mzima, yako tayari. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilifunguka kama mwavuli. Ya tatu niliibandika kwa uji uliolala, ikashika vizuri mno. Nikatengeneza nne, nikazianika. Kuku wakafuata uji. Imebaki moja.

Mke wangu Verdiana kaitazama, kasema kitu kama hicho akikiona njiani hukizunguka. Mwanamke hajafika Ikoma, nimlaumu nini? Moja inatosha. Hata Bwana Mrefu hakuvuta mbili kwa pamoja.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeibiwa! Na mwizi analala kitandani kwangu. Verdiana kazitoa chupa zote mbili kampa mkwe wetu Boke, aliyejifungua wiki iliyopita. Eti damu yake ni ndogo, na kila mtu anajua bia nyeusi inaongeza damu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, zimeisha. Nikafoka. Verdiana kaniuliza nataka mjukuu awe na mama au nataka moshi. Nikatoka nje kufikiri.

Nimepata! Pombe ya ulezi ya kaka Mniko nayo ni nyeusi. Karibu nyeusi. Ukiitazama kivulini.

Jioni Gati kaja. Kaniamkia, kakaa chini, kaangalia mikono yake muda mrefu. Kisha kasema: "Baba mdogo, nimemsubiri Hezekia miaka mitatu. Wazee wao wasipokunywa kwenye chungu chetu, wanarudi kwao na posa imekufa. Kesho wewe kaa tu, unywe, unyamaze."

Nikamwambia yuko mikononi mwa mtu wa kuaminika. Hakuonekana kupoa.

Jumamosi, 7 Agosti

Msemaji alikuwa Stanslaus. Sitaki kulizungumza.

Mimi nilipewa mrija, nikawekwa mwisho, karibu na mlango. Wakwe walikuwa sita. Mkubwa wao ni mzee Nyangwine, babu wa Hezekia, mtu mpole, anatafuna maneno kabla ya kuyatoa. Chungu cha pombe katikati, kikubwa, kinafuka mvuke. Ndicho pekee. Kupika kingine ni wiki nzima. Stanslaus akasema na kusema. Wageni wakaanza kuvuta mirija kidogo kidogo, wanaonja. Nikaona sasa ndiyo saa yangu. Nikachukua kaa la moto jikoni, nikawasha.

Sasa sikiliza. Bwana Mrefu alikuwa na glasi, anaiweka chini, anaichukua. Mrija una urefu wa mtu, na mdomo ni mmoja. Nikaweka siga pembe ya kushoto, mrija pembe ya kulia, nikavuta vyote. Moshi ukaenda njia ya pombe, pombe ikaenda njia ya moshi. Nikakohoa kama trekta la kijiji. Siga ikaruka. Ikatua katikati ya chungu. Chsss.

Wakwe wakatoa mirija mmoja mmoja, wakailaza mapajani. Stanslaus alifungua mdomo, pasitoke kitu, mara ya kwanza tangu awe balozi. Mlangoni alisimama Gati na birika. Maji yanamwagikia miguu yake mwenyewe, hana habari.

Nikasema, na hakuna aliyeniuliza, kwamba kwa wazungu wakubwa ndivyo inavyonywewa. Jivu lile ni dawa.

Mzee Nyangwine akanitazama. Akauliza mzungu gani. Nikajibu Bwana Mrefu, wa Ikoma, hamsini na mbili. Mzee akarudisha mrija wake chunguni. Akavuta kwa muda mrefu, macho kayafumba.

"Nilikuwa mpishi wake," akasema. "Kila asubuhi nilimalizia glasi yake kabla ya kuiosha. Siga yake alikuwa akiizimia humo humo. Miaka ishirini na minne sijaonja kitu hiki."

Akawageukia wenzake. "Kunyweni."

Wakanywa. Nyuso zilijikunja kama soksi, lakini walikunywa. Posa imepita. Gati alikimbilia jikoni, tukasikia wanawake wanapiga vigelegele.

Baadaye tulikaa wawili, mimi na mzee, tukalisimamisha lile hema upya. Kamba zake. Mbwa wake mwenye sikio moja. Nyumbu. Mzee alijifuta macho, akasema vumbi. Hapa kijijini kwetu Nyanungu leo hapakuwa na vumbi.

Wakati wa kuagana alinishika mkono, hakuuachia. Akasema sura yangu anaijua, ila akikumbuka haioni pale mezani kwa Bwana Mrefu. Nikamwambia nimezeeka.

Jumapili, 8 Agosti

Kijiji kizima kinasema Filemoni kaiokoa posa. Stanslaus anasema nimeizamisha kwanza. Wivu!

Nimeamua. Siku ya harusi siga sita chunguni, moja kwa kila mkwe. Majani nimeshakata. Gati kaleta ujumbe kwamba siku hiyo kiti changu kitakuwa kule nje, karibu na zizi. Mahali pa heshima, na upepo upo.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Kule kambini sikugusa siga wala glasi. Nilikuwa mchimba choo. Siku kumi na tisa. Jioni upepo ukigeuka, ule moshi ulinifikia mle shimoni, mtamu, na harufu ya bia ndani yake. Nilikuwa naegemea sururu, nafumba macho, mpaka mnyapara anitupie kokoto la kichwa.