Pijo ya Injinia Yatoka Gereji

Khisa alitufikia kwenye kibanda cha chai cha Mama Hulda na gazeti kwapani, na hata hakusalimia. Ndiyo maana tunamwita Redio. Redio haisalimu watu, inatangaza.

"Mmesikia? Waziri msaidizi anakuja leo kufungua josho la ng'ombe! Na chifu ametoa onyo. Watu wakipatikana barabarani wamekusanyika bila leseni, ni ndani moja kwa moja!"

Jacktone akapaliwa na chai, ikamtoka mpaka puani.

"Leo? Redio, una uhakika ni leo? Si kesho?"

"Mimi nikikosea, nirudishe hii gazeti kwa mwenyewe."

"Kwanza uirudishe hata kama hujakosea," akasema Mama Hulda, akipangusa meza.

Sasa, wewe ambaye hukuwa mtaani kwetu West Indies miaka hiyo, lazima nikueleze kwa nini mtu mzima alipaliwa. Jacktone, ambaye sisi humwita Injinia, alikuwa na bodi ya Pijo. Nasema bodi, sisemi gari. Haikuwa na injini, haikuwa na viti, na tairi hata moja ilikuwa haina. Ilikaa juu ya mawe ndani ya gereji ya Mzee Kimeli, hapo ng'ambo ya barabara tukiiangalia. Ilikuwa ya marehemu baba yake, na Jacktone aliipenda vibaya sana. Lakini Mzee Kimeli alikuwa amevuna mahindi kule Kiplombe, na trekta ilikuwa inaleta magunia jioni hiyo hiyo. Akikuta bodi bado iko ndani, angeifunga mnyororo, trekta iivute mpaka kwa wale wanunuzi wa vyuma. Alishasema, na Mzee Kimeli hasemi mara mbili.

Kwa hivyo Jacktone alikuwa ameomba wanaume wa mtaa mzima waje siku hiyo wambebee bodi mpaka uani kwake, nyuma ya kanisa. Na wanaume wa mtaa mzima, ukitaka kujua, wanaitwa mkusanyiko.

"Tuibebe watu wawili wawili," nikasema mimi.

"Karani, wewe umezoea kubeba kalamu," akasema Khisa. "Watu wawili watainua bampa. Afadhali mkokoteni."

"Mkokoteni utavunjika katikati, halafu tutakuwa na mizigo miwili," akajibu Jacktone.

"Basi tuazime tairi za Land Rover ya chifu!"

Sote tukageuka kuangalia nyuma. Khisa mwenyewe akashika mdomo.

"Nilikuwa natania," akasema kwa sauti, akiangalia ukuta. "Chifu wetu ni mtu mzuri sana."

Hapo ndipo Murunga alisimama. Huyu ndiye tunamwita Waziri. Hana ofisi wala gari, ana koti, kofia na beji ya chama tu, lakini hata akiomba sukari anaomba kama yuko jukwaani.

"Ndugu wananchi! Kwetu Bungoma tunahamisha ghala la mahindi likiwa zima. Tunapitisha miti chini, vijana wanainua, ghala linatembea. Pijo ni nini mbele ya ghala?"

"Miti chini? Bodi itakunjika," akasema Jacktone. "Kwetu Ugenya hata sisi tunabeba ghala, lakini tukiwa na wimbo. Bila wimbo mguu mmoja unaenda Kisumu, mwingine unaenda Uganda. Hii tupitishe miti kwa madirisha."

"Nyinyi Wajaluo mnataka wimbo hata mkibeba kikombe!"

"Na nyinyi mnabeba ghala kwa sababu hamtaki kuacha ugali nyuma!"

Tulicheka mpaka benchi likalia. Lakini Jacktone aliacha kucheka kabla ya wengine.

"Sawa, na leseni? Jamani, hii gari ndiyo ilimpeleka mama yangu hospitali nikizaliwa. Siwezi kuiangalia ikikatwa na watu wa vyuma. Siwezi."

Hapo nilimhurumia kabisa. Mama Hulda akaweka birika chini.

"Nyinyi wanaume mna akili za wapi? Kateni matawi. Mshike matawi, mwimbe nyimbo za kukaribisha mgeni. Mmewahi kuona mtu ameshika tawi akiulizwa leseni?"

Tukaangaliana. Haki ya Mungu, hakuna aliyewahi kuona.

Tukaenda. Miti minne ya blugamu ikaingia dirisha hili ikatokea lile, wanaume wakainamisha mabega, Jacktone akaanzisha wimbo, na bodi ikaacha mawe yake. Ilitoka gerejini pole pole, nzito ajabu, mimi niko kona ya nyuma na tawi kati ya meno. Akina mama wakapiga vigelegele. Watu ambao hata hatukuwajua wakajiunga. Tukapita polisi wawili, wakatupigia saluti.

"Mnaona?" Mama Hulda akapiga kelele kutoka mlangoni.

Tukafika njia panda. Kushoto ni nyumbani kwa Jacktone, kulia ni uwanjani. Tukakata kushoto. Vijana wa chama wakatuzuia.

"Nyinyi wa gari! Mgeni yuko huku!"

"Sisi tunazunguka kidogo," akasema Jacktone, jasho likimtiririka.

"Mnazunguka nini? Mnamkimbia mgeni?"

Hilo ni swali ambalo miaka hiyo lilikuwa na jibu moja tu. Tukakata kulia.

Uwanjani watu walitupisha kama maji. Waziri msaidizi mwenyewe akasimama, akapiga makofi.

"Hawa ni nani? Wamebeba nini? Mpeni mmoja maikrofoni!"

Maikrofoni ikapita mbele ya Jacktone, ikapita mbele yangu, ikaangukia mikononi mwa Murunga. Ole wetu.

"Waziri, salimia tu, urudishe," akanong'ona Jacktone, mti begani.

Murunga akakohoa. Alikuwa ameingoja hiyo maikrofoni tangu azaliwe.

"Mheshimiwa mgeni wetu! Sisi wananchi wa West Indies tuliona ni aibu kuja mikono mitupu!"

"Murunga, nyamaza!"

"Tukasema, tulete kile tunachokipenda zaidi! Mheshimiwa, tumekuletea gari!"

Uwanja ukalipuka. Jacktone angemrukia, lakini angeachilia mti, na Pijo ingetuangukia sote. Machozi yakamtoka hivi hivi, na mabega yamejaa mzigo.

"Mwangalieni huyu," akasema mgeni. "Analia kwa uzalendo! Serikali imepokea! Tutaitafutia injini, tutaitafutia viti na tairi, na itakuwa gari la daktari wa mifugo! Chifu, iwekwe penye paa, isinyeshewe, na mtu yeyote asiiguse mpaka tairi zifike!"

Chifu akatujia mbio, kofia mkononi.

"Mliitoa wapi?"

"Gereji ya Mzee Kimeli," nikasema.

"Irudisheni huko. Sasa hivi!"

Tukaigeuza. Wimbo uliisha, nguvu ziliisha, na yale matawi tuliyatupa njiani. Mlangoni kwa gereji tukakuta trekta inanguruma, magunia yamepanda juu, na Mzee Kimeli anazungusha mnyororo mkononi.

"Mnaileta wapi tena? Si nimesema iondoke?"

"Mzee, hii ni mali ya serikali," akasema chifu, aliyekuja nyuma yetu na askari. "Italala hapa."

"Na mahindi yangu?"

"Mzee, unapinga maendeleo?"

Mzee Kimeli akaangalia chifu, akaangalia askari, akaficha mnyororo nyuma ya mgongo.

"Mimi? Mimi sijapinga kitu. Iingizeni, iingizeni, hata mimi nitaifagilia."

Tukairudisha juu ya mawe yake. Askari akawekwa mlangoni na bunduki, na trekta ikarudi Kiplombe na magunia yake.

Tukarudi kwa Mama Hulda. Murunga alikaa mwisho wa benchi, amefunga koti mpaka shingoni. Jacktone alikuwa anaangalia ng'ambo ya barabara.

"Injinia, nisamehe," akasema Murunga. "Maikrofoni ilinishika."

"Redio," Jacktone akauliza taratibu, "ile bomba ya maji serikali iliahidi mtaa huu, ilifika?"

"Bado."

"Na taa za barabara?"

"Ziko njiani. Nilisoma ziko njiani."

"Kwa hivyo gari yangu iko chini ya paa. Ina askari. Kimeli hawezi kuigusa, watu wa vyuma hawawezi kuigusa, mpaka tairi za serikali zifike."

Tukaanza kuelewa mmoja mmoja. Mama Hulda alielewa kwanza, akaanguka juu ya mandazi kwa kicheko. Jacktone akamshika Murunga mkono, uso wake umefunguka kama wa bwana arusi.

"Waziri, ndugu yangu, wewe unajua kuongea. Simama utuombee. Siku tairi zitafika, mimi nimepoteza gari."

Murunga akavua kofia, akakohoa.

"Ndugu wananchi, tufumbe macho."