Filamu Yangu, Aliyoiongoza Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Kamera imekufa rasmi. Fundi kaifungua, kainusa, kaifunga. Kaniambia nishukuru kwa miaka kumi na miwili tuliyoishi pamoja. Ilikata roho juzi, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Nikaendelea kuinama na kufumba jicho moja kwa saa tatu, watu wasijue. Watajua wakidai video. Kila jambo na siku yake.

Bila kamera mimi si mpiga video za harusi. Ni mwanamume mwenye kibanda na pazia jekundu. Ng'ambo ya barabara yuko Bwana Droni, mwenye mtambo unaoruka na wateja waliokuwa wangu. Leo kaniuliza kwa upole kama nauza stendi ya kamera. Nikamwambia naifanyia usafi tu.

Lakini Mungu si Athumani. Mlangoni pa ukumbi wa jamii kuna tangazo: tamasha la filamu za wanawake wa kanda hii. Mshindi anapewa kamera mpya! Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Filamu ninayo, niliipiga mwaka jana siku zisizo na harusi. Inaitwa "Nimeondoka Ila Nipo", dakika sabini na moja, mwanamke anamkimbia mume mkorofi. Kasoro ndogo moja tu: mwongozaji lazima awe mwanamke. Hawakusema lazima awe anajua kuongoza.

Nikamwendea mke wangu, aandikwe yeye mwongozaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye jina analo moja tu, na hilo analitunza.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa mama mkwe. Muuguzi mkuu mstaafu, miaka thelathini na moja wodini. Wanasema madaktari walikuwa wakisikia viatu vyake wanachomekea mashati.

Nilijiandaa kubembeleza wiki nzima. Chai haijapoa, amekubali. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikamkorogea sukari.

Aliuliza swali moja tu, mwongozaji hufanya nini hasa. Nikamwambia anakaa kitini, anaamrisha, wenzake wanatii. Akasema basi kazi hiyo ameifanya maisha yake yote, ila kiti hawakumpa.

Jumatano, 9 Julai

Mama kasema hatii saini kitu asichokijua. Kaja kibandani na miwani, daftari na kalamu nyekundu.

Dakika ya nne akaniuliza hawa wote ni akina nani. Ni pale mwanamke anapovuka soko na sanduku lake. Kamera yangu inampitia muuza nyanya, mshona viatu, mwenye baiskeli, kila mmoja sekunde tano. Nikamfafanulia ufundi. Kwenye harusi kila mgeni lazima aonekane, hasa shangazi wa upande wa bwana harusi. Asipoonekana ni simu wiki nzima. Mama akauliza, katika hawa, ni nani atakayepiga simu.

Soko lote limeondoka.

Kisha yakaja makopa. Mume akifoka, picha inageuka kopa jekundu, linapasuka, inatokea picha nyingine. Ni mtindo unaopendwa sana. Mama akaniuliza kama binti yake yuko salama nyumbani.

Makopa nayo yameondoka.

Mwishoni mwanamke anarudi kwa mumewe. Mama akauliza anarudi kwa nini. Nikasema kwa sababu filamu inaisha. Akavua miwani, akaifuta taratibu. Akasema wodini kwake aliwafunga bandeji wengi waliorudi kwa sababu zisizozidi hiyo. Nikaandika kwenye karatasi: mwisho mpya.

Ijumaa, 11 Julai

Tumepiga mwisho mpya asubuhi kwa simu ya mke wangu. Mimi nilipoiomba jana haikuwa na chaji. Mama alipoiomba, ilikuwa imejaa.

Mhusika mkuu ni msusi wetu wa jirani. Nikamwambia alie, ajigaragaze, amwite mama yake marehemu. Mama akasema hapana. Kunja nguo zako tu, binti yangu. Shati la mume liache hapo lilipo.

Msusi akakunja nguo. Moja moja. Shati akaliacha kitandani limekunjamana, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Kuna vumbi liliingia jichoni. Macho yote mawili, vumbi lilikuwa jingi.

Filamu sasa ni dakika ishirini na sita. Zile arobaini na tano nimeziomboleza peke yangu nyuma ya pazia.

Fomu kaijaza Mama mwenyewe. Mwongozaji, yeye. Mwigizaji, msusi. Mshika taa, mimi! Nikalalamika. Akanishika bega, akasema, mwanangu, soma masharti, wanaume mnaruhusiwa kwenye taa.

Sikubishana. Kamera ikija, nani ataitumia? Acha aitwe mwongozaji. Jina halipigi picha.

Jumamosi, 19 Julai

Siku yenyewe. Nimempangia Mama mkakati wa maswali ya majaji. Mimi nakaa mstari wa mbele. Nikikuna sikio, anasema "swali zuri sana". Nikishika pua, anazungumzia mwanga. Nikikohoa, anashukuru na kushuka. Kakubali yote. Kaniambia nina akili, mwanangu.

Bwana Droni naye kaja, kamtanguliza dada yake. Filamu yao yote imepigwa kutoka angani. Ni utosi mtupu. Mhusika mkuu tulimtambua kwa kilemba.

Ikafuata yetu. Msusi alipofika kwenye shati, mama mmoja nyuma yangu akaiambia skrini usirudi mwanangu, usirudi. Hakurudi. Makofi yakalipuka. Nikainuka kidogo, nikainamisha kichwa kwa pande zote mbili.

Mama akapanda jukwaani. Akavua miwani, akaitia mkobani. Bila miwani hanijui mimi wala nguzo. Nikakuna sikio mpaka jirani akaniuliza kama nimeng'atwa.

Mwenyekiti wa majaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya redio, akamuuliza hadithi aliipata wapi. Mama akasema hakuipata, aliletewa. Ni ya mkwe wangu, akasema, yuko hapo mbele, mtamsikia. Maana mimi nilikuwa nakohoa. Akaendelea: ilikuja na dakika sabini na moja, hali yake mbaya. Nimeitibu.

Ukumbi ukacheka. Mimi nikaiona kamera ikipaa, na kibanda nyuma yake.

Mwenyekiti hakucheka. Akauliza ni nani aliyeamua shati lisikunjwe. Msusi akasimama kule nyuma, mikono kiunoni: ni Mama. Mwenyekiti akauliza, na asirudi? Msusi akajibu: Mama pia, huyu kaka alitaka nigaragare. Majaji wakanong'onezana kwa muda mrefu kama hotuba ya mjomba harusini. Kisha mwenyekiti akasema filamu waliyoiona leo ina mwongozaji mmoja, naye kasimama jukwaani. Na ameshinda.

Nikaenda mbio kupokea sanduku. Wakanipita nalo, wakampa Mama. Nikajifanya nilisimama kunyoosha mgongo.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwendea Mama, shikamoo mbili badala ya moja. Nikaomba kamera kwa harusi ya wiki ijayo. Kumbe iko kabatini, na ufunguo uko shingoni mwake. Kuna daftari: jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, saini, kama dawa za usingizi wodini. Harusi ninapewa. Lakini Jumatano na Alhamisi ni zake, anaanza filamu ya wauguzi wenzake. Nimeajiriwa. Taa.

Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Nimefikiri sana kosa langu liko wapi. Nimeliona. Nilijitia kwenye tamasha la watu, lenye majaji wa watu. Ndiyo maana naanzisha langu: Tamasha la Kwanza la Filamu za Wakwe wa Kiume. Mwenyekiti wa majaji ni mimi. Mshindi nimeshamchagua, mtu wa makamo mwenye kipaji kilichofichwa. Zawadi ni kamera, mpya kabisa, imekaa kabatini siku moja tu.

Barua ya kumwomba Mama aitoe kama mdhamini nimeimaliza, kurasa tatu, mwandiko mzuri. Kilichobaki ni yeye kukubali. Hilo dogo. Mimi wazee nawajulia.