Nilipozima Lokesheni

Jumanne, 8 Aprili

Naomi katutia wote kamba shingoni. Dada yangu huyo alipokuja Krismasi alituwekea programu ya familia kwenye simu. Kila mtu ni kidoti juu ya ramani. Baba kidoti, Mama kidoti, kaka Elia kidoti. Wote hao wako nyumbani Malolo. Mimi kidoti chekundu peke yangu huku Kidete, nimetumwa kuamia ndege kwenye mpunga. Na umri huu! Eti ni kwa usalama, mvua za mwaka huu si za kuchezea.

Leo Baba kapiga. Kauliza mbona kidoti changu hakijasogea tangu asubuhi, kimelala? Kilikuwa kimelala kweli. Nikamwambia nimenyemelea ndege, hawataki kuona mtu akitembea.

Maisha gani haya? Imelda, msichana wa moyo wangu, yuko Mikumi, ana mgahawa wake kando ya barabara kuu. Vitalis, dereva wa lori la miwa la Kidodi, anakula pale kila siku. Kila siku! Na mimi nabishana na ndege kweleakwelea.

Jumatano, 9 Aprili

Mpango umekamilika. Nasema mwenyewe, ni wa kitaalamu.

Nimesimama ukingoni mwa Mkondoa, ndipo mtandao unaposhika, nikaingia kwenye mipangilio. Programu ya familia kuona mahali nilipo: Usiruhusu. Raha niliyoipata! Nikaendelea. Maikrofoni, usiruhusu. Picha, usiruhusu. Taarifa, usiruhusu. Nikakuta hata programu ya kupigia simu inasoma majina ya watu wangu wote. Inayasomea nini? Usiruhusu.

Jirani yangu wa shamba, Mzee Mwinshehe, ana macho makali na mdomo mwepesi. Kwa hiyo nimechomeka mti karibu na maji, nikauvika koti langu la bluu na kofia. Kwa mbali ni mimi kabisa. Pengine linafanya kazi kunizidi.

Kesho alfajiri, Mikumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefika. Imelda kacheka aliponiona. Sijui alicheka nini, lakini alicheka. Vitalis yupo, kakaa kiti kizuri.

Mvua inanyesha bila adabu. Namba ngeni inapiga. Haina jina. Sikupokea. Vitalis kasema ndio wale matapeli wa “tuma pesa kwa namba hii”. Kwa mara ya kwanza nimekubaliana naye. Nikaifungia. Ikapiga nyingine, nayo nikaifungia. Imelda kasema labda kuna mtu ana shida na mimi. Nikamfafanulia usalama wa mitandao. Alisikiliza hadi chipsi zikaungua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mgahawani wanasema Mkondoa umefurika. Kidete maji yameingia mashambani, nyumba zimekwenda, reli haionekani. Nilishtuka kidogo. Halafu nikawaza: mpunga ukisombwa, nani ataniuliza habari za ndege?

Namba ngeni hazikomi. Matapeli wa siku hizi hawana hata ubunifu, mmoja kaandika ujumbe neno moja tu: Mwanangu. Nimefungia.

Mchana basi la Kilosa likasimama mbele ya mgahawa. Dirishani, Elia! Kaka yangu mwenyewe! Nikazama chini ya meza. Imelda akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifuniko cha soda. Nilichungulia mara moja. Elia alikuwa na macho mekundu, yamevimba. Nikajua kalala vibaya safarini. Nilibaki chini hadi basi likaondoka.

Baba kamtuma kunipeleleza, hakuna jingine. Atakuta koti.

Jumamosi, 12 Aprili

Vitalis kaingia na simu yake mkononi, hakunisalimia. Kaiweka mezani mbele ya Imelda. Picha yangu ya kipaimara! Chini imeandikwa: kijana Emanueli Shimba amesombwa na maji Kidete, mwenye taarifa za mwili awasiliane na familia.

Imelda kasoma mara mbili. Kisha kaniuliza taratibu:

“Mama yako anajua uko hapa?”

Nikafungua simu, nikarudisha ruhusa ya majina. Namba zile nilizozifungia zikavaa majina yake, moja baada ya nyingine. Baba. Mama. Elia. Naomi. Mama. Mama.

Nikampigia Naomi. Akauliza kwa sauti iliyokauka ni nani huyu anayetumia simu ya marehemu. Nikasema ni mimi. Nikasema tena ni mimi. Akalia, kisha akasema maneno ambayo dada mlokole hatakiwi kuyajua. Mwisho akasema Elia yuko hospitali Kilosa, kaingia mtoni asubuhi hii kunitafuta.

Jumapili, 13 Aprili

Kilosa. Mzee Mwinshehe alikuwa mlangoni mwa wodi, kanisimulia bila kuniangalia. Gogo lilikwama katikati ya mto, na koti la bluu limenasa kwenye matawi. Maji yalipopiga, mkono wa koti ulikuwa unapunga. Watu wakamshika Elia, akawaponyoka. Alilifikia. Akalikumbatia. Gogo likageuka likambana kwenye mawe.

Wamemkata mguu chini ya goti.

Nilimkuta macho. Kanitazama muda mrefu.

“Umepona?”

“Nimepona, kaka.”

“Mungu mkubwa.”

Akafumba macho. Hakuuliza nilikuwa wapi. Afadhali angeuliza.

Mama alikaa upande wa pili wa kitanda. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia. Hakuitikia. Baba ndiye aliyeuliza nilikuwa wapi. Nikasema mtandao ulisumbua.

Jumatatu, 14 Aprili

Baba katoa amri. Nitakaa na Elia hadi aruhusiwe, kisha ng'ombe wake na jembe lake ni juu yangu. Na kidoti kisizimwe tena hata nikifa kweli. Nikawasha ruhusa zote mbele yao, Naomi akiangalia kwa simu ya video. Nilitokwa na machozi. Ya kweli, naapa.

Ila mtu huwezi kuishi hivi.

Mchana nimegundua programu moja ya ajabu. Unagusa ramani mahali unapotaka uonekane, kidoti kinakaa pale pale, wewe unakwenda zako. Inataka ruhusa ya majina, picha, ujumbe, maikrofoni, kila kitu. Nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Kumbe kosa langu lilikuwa kuzima! Mtu mwenye akili hazimi, anahamisha.

Naomi katuma ujumbe sasa hivi. Kasema anaona kwenye ramani nimekaa kando ya kitanda cha Elia, nisiondoke, kaka anaamka akiniita.

Nimemjibu siondoki. Imelda hapokei simu zangu, lazima nikamweleze ana kwa ana. Basi la Mikumi linajaza abiria, nimepata kiti cha dirishani.