Rundo la Theluji la Hietaperä na Jua Lisilokwenda Kulala

Kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Hali ya Hewa, ambaye pia ni shemeji yangu,

Jumanne tarehe 8 Julai kijiji cha Hietaperä kilipoteza theluji yake yote. Lilikuwa rundo la mita za ujazo elfu tatu, tulilolikusanya Machi ili lipite kiangazi chini ya kifuniko, tulitandaze Oktoba kwa mashindano ya kwanza ya skii, yale ya kuteleza kwa mbao miguuni. Sasa ni dimbwi, na bata wawili wamehamia. Bila theluji, mashindano yanaelekea kwenda kwa watu wa Vastaranta, ng'ambo ya ziwa, ambao tayari wakinipita wananipigia honi.

Mlinzi wa rundo ni mimi. Shule sikukaa sana. Kiwanda changu cha mbao nilikianza na msumeno mmoja. Lakini hesabu naijua, na kila nikijumlisha, jibu linaangukia ofisini kwako:

1. Huku kwetu kaskazini ya mbali jua halijazama tangu mwisho wa Mei. Hata mlevi hurudi kwake.

2. Ulinieleza mwenyewe, tukiwa sauna tukioga mvuke, kwamba wingu jeupe hulirudisha jua lilikotoka. Mbona basi Juni nzima tumepata mawingu siku nne, na moja ikawa ya harusi ya binti yangu?

3. Hewa yako inaiacha miale ipite bila hata kubisha hodi. Ardhi ikishapata moto na joto likitaka kurudi juu, hewa hiyohiyo inalishika shati: "Unakwenda wapi, kaa kwanza!" Bawabu wa namna hii kiwandani kwangu asingemaliza wiki.

4. Usinifundishe kwamba theluji nyeupe hulitupa jua kando. Najua. Miaka yote tumeifunika kwa vumbi la mbao, unene wa kufika gotini. Mwaka huu vumbi niliwapa wenye farasi, nikaweka turubai jeusi, la kisasa, lisilopeperuka. Saimi, dada yako, akasema, "Wee Taisto, umewahi kumshika paka mweusi aliyelala juani?" Nikamjibu, "Mimi sifuniki paka."

Kwa hiyo naomba jua lizimwe kila siku saa nne usiku, mawingu yaongezwe, na bawabu yule aachishwe kazi. Klabu ya skii inakutana Jumamosi kuamua kama mashindano yabaki kwetu, na mimi nibaki mlinzi. Nijibu bila kuzunguka: kosa ni la jua, ndiyo au hapana?

Wasalimie nyumbani wote, hata mbwa wako aliyenicheka.

Wako katika dimbwi,
Taisto Kärppälä

N.B. Kumbe Saimi tangu mwanzo wa Juni alikata kipande cha turubai, akakitandika chini ya matango yake. Udongo umepata joto la ajabu; hatujawahi kula matango mapema hivi, nakutumia sita. Ombi la kuzima jua lifute. Lakini ile ndiyo au hapana bado naidai, kabla ya Jumamosi saa sita mchana, na kama unanipenda hata kidogo, iwe ndiyo.